Udongo wa Buti la Kushoto

Shangazi yangu alikuwa akiishi kwa kusafisha maiti. Usiogope, maiti za majani. Kazini kwake ni ghala la mimea mikavu: kabati za chuma kutoka sakafuni hadi darini, na ndani ya kila kabati mimea iliyobanwa na kushonewa kwenye karatasi ngumu. Mingine ilikusanywa juzi, mingine ina umri wa kumpita bibi wa bibi yake. Uzi ukikatika, gundi ikiachia, wadudu wakitafuna ukingo, mmea unaletwa mezani kwake. Anashona, anapaka gundi, anapiga brashi. Wenzake walimpa jina la Brashi, naye akaitika.

Ghalani kulikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko mshahara. Mmea usio na lebo ni takataka. Lebo iseme nani kakusanya, wapi, na lini. Hata mmea uwe mzuri namna gani, hayo matatu yasipokuwepo, unakwenda kwenye pipa. Alituhubiria hayo tangu tukiwa wadogo, sisi watoto wa kaka yake, hadi siku moja tukabandika vikaratasi kwenye viazi vyote jikoni kwake: "Kimekusanywa na Shangazi, sokoni, Jumamosi." Alicheka siku ile mpaka akashika mbavu. Nakuambia hivi ili ujue kwamba alikuwa mtu wa kucheka.

Nilihamia kwake baada ya mumewe kufariki. Baba ndiye aliyenituma. "Nenda ukakae na shangazi yako," aliniambia, "asije akaanza kuongea na kuta." Sikukataa. Mimi ni fundi cherehani, mtaji wangu unabebeka, na paa la chumba changu lilikuwa linavuja. Nilidhani nakwenda kumfuta mtu machozi. Nilipofika nikakuta hakuna cha kufuta.

Hakulia. Hakulia msibani, hakulia makaburini, hakulia watu walipoondoka na viti vya kuazima vikarudishwa kwa wenyewe. Wifi yake, dada wa marehemu, akasema kwa sauti ya kusikika na majirani, "Kaka yangu alioa jiwe." Shangazi alikuwa anamimina chai wakati huo. Akamaliza kumimina, akamuuliza wifi yake anatia sukari vijiko vingapi. Ingekuwa mimi, ile chai ingemwishia mtu kifuani. Watu wakasema ana uvumilivu. Si kweli, na ndicho kilichonitisha: hakuwa na kitu cha kuvumilia. Alikula saa ya kula, akalala saa ya kulala. Ukimuuliza chakula kikoje, anajibu, "Kipo."

Mumewe alikuwa fundi bomba, na sisi watoto tulimwita Bwana Kesho, maana bomba la nyumbani kwake ndilo pekee mjini lililokuwa likivuja mwaka mzima. "Utalitengeneza lini?" "Kesho, mke wangu." Alipostaafu alipata kipande cha shamba kwenye kilima nyuma ya mji, ng'ambo ya mto, akapanda kunde. Kila jioni alirudi na udongo mwekundu kwenye mabuti yake ya mpira, na kila jioni mkewe alimgombeza mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. "Mimi nashinda kutwa nasafisha uchafu wa waliokufa, halafu wewe unaniletea uchafu wa walio hai!" Naye, "Nitayaosha kesho." Jioni ya mwisho alisema hivyo hivyo, akayavua, akayaacha mlango wa nyuma, akaenda kujinyoosha kitandani wakati chakula kinaiva. Shangazi alipokwenda kumwita, hakuitika. Daktari alisema ni moyo, utadhani kuna mtu aliyekuwa anafikiri ni goti.

Mabuti yalibaki pale pale. Siku yangu ya kwanza katika nyumba ile, kwa kujipendekeza, nilichukua beseni na sabuni nikayafuata.

"Acha," akasema Shangazi.

Neno moja, na hata sauti hakuinua. Nikarudisha beseni. Tangu hapo nikajifunza kuyaruka kila ninapotoka kuanika nguo. Yeye mwenyewe alipiga deki kwa kuyazunguka. Mwanamke ambaye hakuwahi kuuachia mmea chembe ya vumbi alikuwa ameuacha udongo ukauke na kupasuka kwenye mabuti mlangoni kwake, kwa sababu mumewe alisema atayaosha. Hakuna kitu kingine alichokilinda ndani ya nyumba ile. Saa ya ukutani ilisimama, akaiacha. Redio iliibwa, hakuuliza. Lakini mabuti usiyaguse.

Mwaka uliofuata matingatinga yakakila kile kilima. Kikachongwa, mawe yakasagwa kokoto, pakabaki shimo lenye maji ya kijani. Shangazi alipita pale kila asubuhi akienda kazini. Nilimuuliza anajisikiaje akipaona. Akanijibu, "Vumbi limezidi."

Basi ndipo akaja Daktari wa Vijidudu. Huyu si daktari wa kukuandikia vidonge. Ni binti mmoja mchangamfu wa maabara iliyo ng'ambo ya ua wa ghala, na vijidudu vyake anavifuga badala ya kuviua. Nilipokutana naye alinieleza kazi yake huku mimi nikimpima gauni, nikaelewa hata mimi. Alisema ukiing'oa kunde utaona mizizini vinundu vidogo. Ndani ya vinundu wanaishi bakteria wanaovuta naitrojeni hewani na kuulisha mmea, na mmea nao unawalisha sukari. "Ni wapangaji wanaolipa kodi," akasema. Naitrojeni hiyo hiyo ndiyo mkulima anayoinunua kwenye mifuko ya mbolea, na ikizidi shambani inateremka mtoni na kuua samaki. Ukimpata bakteria hodari unampaka kwenye mbegu, na mkulima anapunguza kununua mifuko. Shida ni kwamba bakteria wanaouzwa wamezoea udongo mnono wa kwao. Kwenye udongo mkavu na duni wanalegea, kazi hawafanyi.

Sasa, katika kupekua kabati za ghala, Daktari alikuwa ameona karatasi moja ya kunde-mwitu. Ilikusanywa zaidi ya miaka mia moja iliyopita na msafiri mmoja, wale waliokuwa wakipita na masanduku na wapagazi, wakiokota kila kinachoota, kinachotambaa na kinachoruka. Lebo yake iliandikwa kwa mwandiko wa mikia mirefu. Mkuu wa Ghala aliwasomea: kilima nyuma ya mto, udongo mwekundu, mkavu, duni, majani ya kijani kupita kawaida, vinundu vingi mizizini, umechimbwa na mpagazi. Kisha jina la msafiri, refu, na vyeo vyake. Mpagazi hana jina. Shangazi aliponisimulia nilisema kwamba aliyeinama na jembe ndiye angeandikwa, lakini nani aliniuliza.

Daktari hakuweza kukaa kitini. Mmea wa kijani kwenye udongo duni! Wapangaji wake lazima walikuwa hodari. Akaomba aitazame mizizi ya mmea wenyewe, apate walau chembe za udongo. Karatasi ikafunguliwa. Mizizi ilikuwa myeupe, safi, haina hata punje.

"Nani alisafisha hivi?" akauliza, akishusha pumzi.

"Mimi," akasema Shangazi.

Ilikuwa karatasi ya kwanza kabisa kupewa alipoajiriwa. Aliipiga brashi uzi kwa uzi, na vile vinundu, alivyodhani ni uvimbe wa ugonjwa, akavikwangua kwa mgongo wa wembe. Mkuu wa wakati ule aliwaita wafanyakazi wote waje waone jinsi mizizi inavyotakiwa kuwa. Pale ghalani udongo ulikuwa uchafu uliokuja na mmea, na aliyeuondoa vizuri ndiye fundi. Wote walikuwa wakifanya hivyo, yeye aliwazidi tu.

"Hata usingesafisha, Mama, ile dawa ya wadudu waliyokuwa wakipaka zamani ingewaua wote," Daktari akamwambia kwa upole. "Usijali."

"Sijali," akasema Shangazi. Na kweli hakujali.

"Basi tutakwenda kilimani kwenyewe," Daktari akasema. Alikuwa mgeni mjini. Mkuu wa Ghala akakohoa, akamshika mkono, akampeleka dirishani kumwonyesha shimo.

Yote haya nilisimuliwa wakati wa chakula, kwa sauti ile ile ambayo mtu anakuambia maji yatakatika. Alipofika mwisho akaweka kijiko chini.

"Wanatafuta udongo wa kilima. Haupo tena popote."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Sikugeuza kichwa, na yeye hakugeuza, lakini wote tulikuwa tunajua kilichopo pale.

"Shangazi, usiseme kitu," nikamwambia. "Wakatafute kwingine. Dunia nzima ni udongo."

Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na hofu. Niliona kwamba mabuti yale yakiguswa, kile kidogo kilichobaki ndani ya Shangazi kitaondoka nayo, na mimi nitabaki naishi na saa iliyosimama. Yeye alikuwa anatazama sahani.

"Uliwahi kumwona ananunua mbolea?"

"Nani?"

"Mume wangu."

Nikafikiri. Sikuwahi kumwona na mfuko hata siku moja.

"Alikuwa anasema kunde zake ni za kijani kuliko za watu wote," akasema. "Nilidhani anajisifu." Akachukua kijiko, akaendelea kula.

Wiki zikapita na hakulitaja tena. Nikaanza kutulia. Halafu Jumapili moja asubuhi nikatoka chumbani, nikamkuta mezani. Ametandika gazeti, amepanga bahasha ndogo za kazini, na brashi yake ya nywele laini iko mkononi. Mbele yake limesimama buti la kushoto.

Nilisimama mlangoni na mswaki mdomoni. Alianza kisigino. Udongo mkavu ulikuwa unaachia vipande vipande, wekundu wake ukiwa bado ule ule, naye anaupokea kwenye bahasha bila kumwaga punje. Kwenye mfereji mmoja wa soli kulikuwa na kipande cha mzizi kilichonasa. Akakichomoa kwa kibano, akakiweka peke yake. Alifanya yote kama anavyofanya siku zote kwa mimea ya watu asiowajua. Nilingoja uso ubadilike. Nikangoja sana, hadi dawa ya meno ikaniwasha ulimi.

"Na la kulia?" nikauliza.

"Moja linatosha."

"Unajisikiaje, Shangazi?"

Akafikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa njia. "Mkono unauma kidogo."

Akalirudisha buti mlangoni kando ya mwenzake. Yakakaa hivyo, moja limenyolewa, moja bado.

Daktari alipokea zile bahasha kwa mikono miwili, na alipoambiwa zimetoka wapi, akakaa chini. Hakujifanya mjuzi wa kuliwaza watu, na kwa hilo nampenda. Alimweleza ukweli. "Mama, udongo umekauka muda mrefu, na buti la mpira hupata joto. Huenda humu hamna mzima hata mmoja."

"Sawa," Shangazi akasema.

Njia yao ya kuwatega bakteria ni hii. Wanachemsha mchanga hadi usibaki na kiumbe hai. Wanaosha mbegu za kunde kwa spiriti, wanazipanda kwenye mikebe ya mchanga huo. Mikebe kadhaa inanyweshwa maji yaliyochanganywa na ule udongo, mingine inanyweshwa maji matupu, ya kulinganishia. Kisha wanangoja. Mchanga hauna chakula, kwa hiyo kunde isiyo na wapangaji itakufa njaa, na yenye nao itapona.

Kila mapumziko ya mchana Shangazi alivuka ua. Daktari ndiye aliyenieleza. Alisimama mbele ya mikebe na mkoba wake mkononi, sawa na mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, kisha akarudi kazini. Nyumbani nilimuuliza zimefikia wapi. "Zina majani mawili." Siku nyingine, "Zina majani manne."

Halafu akarudi jioni moja, akavua viatu, akasema, "Zimekuwa za njano."

"Zipi?"

"Zote."

Akaenda kusimama mlango wa nyuma. Alikuwa anatazama buti la kulia, lile lenye udongo. Mimi niliwachukia wote kwa mpigo mmoja, Daktari na msafiri na masanduku yake na kunde za dunia nzima. Mtu amekupa kitu cha mwisho cha mumewe, nawe unakiyeyusha kwenye maji na kukimwaga kwenye mkebe! Kesho yake nilikwenda maabara nikiwa nimejaa maneno. Daktari aliyasikiliza yote hadi yakaniishia. Kisha akaniambia kwamba kunde zote hupita kipindi hicho. Chakula cha ndani ya mbegu kinaisha, na wapangaji, kama wapo, bado wanajenga nyumba. "Hii ni wiki ya njaa," akasema. "Hata mimi sijui itaishaje." Nilitamani nimshone mdomo, lakini hakuwa amenidanganya.

Siku ya kung'oa, Shangazi aliniomba nimsindikize. Hakuwahi kuniomba kitu. Nilifunga cherehani nikaenda. Mikebe ilikuwa mezani kwa safu mbili. Safu ya maji matupu ilikuwa ya njano, majani yameinama. Safu ya pili ilikuwa ya kijani. Si kijani cha kubahatisha, kijani cha kujisifu.

Daktari akaung'oa mmea mmoja, akauzamisha kwenye trei ya maji, akaanza kuusuuza.

"Polepole," Shangazi akasema. "Usiisafishe mizizi sana."

Daktari akacheka, nami nikacheka. Yeye hakucheka, alikuwa amesema kweli. Mizizi ilipotoka majini ilikuwa imejaa vinundu. Daktari akakata kimoja kwa wembe, akakiweka chini ya hadubini, akamwachia Shangazi kiti.

"Unaona ndani ni chekundu? Kikiwa cheupe wamelala, au ni wavivu. Wekundu huo ni dalili wanafanya kazi. Wako hai, Mama. Wale wa kilimani."

Shangazi akainama kwenye hadubini. Alikaa pale muda mrefu hadi Daktari akaanza kupanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kisha ikaja lebo. Vijidudu vikihifadhiwa lazima viandikwe vimetoka wapi. Daktari alikuwa na kalamu mkononi na ameanza kuuliza majina ya Shangazi, ayaweke penye mkusanyaji, maana ndiye aliyeleta.

"Nipe niandike mimi," Shangazi akasema.

Penye mahali akaandika: kilima nyuma ya mto, shamba la kunde, upande wa juu. Penye mkusanyaji akaandika majina ya mumewe, yote matatu, bila lakabu.

"Tarehe weka ya leo tu, Mama," Daktari akasema. "Au ya siku uliyoleta bahasha."

"Tarehe ni ya siku aliyekusanya alipokuwa pale," Shangazi akajibu, "siyo siku iliyofika mezani."

Akaiandika. Naijua tarehe ile. Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kuitamka, na kalenda ya mwaka ule niliishusha mwenyewe ukutani nikaifungia vitambaa. Ulikuwa mwandiko wake wa kazini, mnyoofu. Daktari akaisoma, akaelewa, akanitazama mimi. Mimi nikaitazama sinki.

Tulipokuwa tunaondoka Shangazi akaonyesha kidole safu ya njano. "Hizi mnazifanyaje?"

"Tunazitupa. Kazi yake imekwisha."

"Nipe moja."

Akaipakata njia nzima hadi nyumbani. Alipofika akaiweka kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akaingia ndani, akatoka na beseni, maji na sabuni. Nikamuuliza nimsaidie.

"Shika hili," akasema, akanipa buti la kushoto.

Aliloanza nalo ni la kulia. Alilitia majini kwanza bila sabuni, akalisugua kwa kiganja, soli, kisigino, ukingo. Maji yakawa mekundu. Hakuyamwaga mtaroni. Aliyainua yale maji ya kwanza, akayamimina taratibu kwenye ule mkebe wa kunde ya njano hadi yakajaa ukingoni. Kisha akatia maji mengine na sabuni, akaendelea.

"Aliniambia atayaosha kesho," akasema.

"Alikuwa anasema hivyo siku zote," nikamjibu.

"Mwongo yule." Akakung'uta povu mkononi. "Asingeyaosha. Namjua mimi. Angeyaacha hapa hadi niyaoshe mwenyewe."

Akacheka kidogo, kwa puani. Halafu kile kicheko kikamshinda, hakikuweza kutoka wala kurudi, naye akakaa chini kwenye ngazi na buti la kulia mapajani, likiwa na povu lake, akalia. Alilia kwa sauti ya kusikika na majirani. Nilitamani wifi yake angekuwepo aone, kisha nikashukuru kwamba hakuwepo.

Nilikaa kando yake, buti la kushoto likiwa juu ya sketi yangu, hadi alipomaliza. Akajifuta uso kwa mkono wenye sabuni, macho yakamwasha, akatukana kidogo. Kisha akaniuliza tunakula nini, maana ana njaa.